Upangaji wa Seva ya Hifadhi kwa Maabara ya Mashine Pepe ya Nyumbani: Mfano wa Chanika, Handeni

Ikisiri

Makala haya yanafafanua hatua za kupanga seva ya hifadhi ya mtandao itakayotumiwa na maabara ndogo ya mashine pepe nyumbani. Mazingira yaliyochaguliwa ni Chanika, katika Mji wa Handeni, mkoani Tanga. Hoja kuu ni kwamba upangaji wa seva ya namna hii hauna budi kuanza na thamani ya data pamoja na hali ya umeme, na ndipo ufuate uchaguzi wa diski, mtandao na programu. Mpangilio unaoanza na ukubwa wa diski, kama ilivyo desturi ya wanunuzi wengi, huishia kwenye mtambo wenye nafasi kubwa lakini usioweza kuendeshwa kwa gharama ya kaya, wala kulinda kile kisichoweza kupatikana tena. Hesabu zilizotumika ni za kielelezo. Zinalenga kuonesha njia ya kufikia uamuzi, na mtafiti mwingine anaweza kuingiza takwimu zake mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina mfumo endeshi wake, kumbukumbu yake na diski yake, ingawa vyote hivyo vimekatwa kutoka katika rasilimali za kompyuta moja inayoibeba. Kwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, faida yake ni kubwa: kompyuta mbili za ofisi zilizokwishatumika zinaweza kubeba mashine pepe 10 au zaidi, na humo akajifunza usimamizi wa seva, usalama wa mitandao na hifadhidata bila kununua vifaa vingi. Programu huria kama Proxmox VE, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, zimeifanya kazi hiyo iwezekane bila ada ya leseni.

Hata hivyo, kompyuta mbili zinapohitaji kubadilishana mashine pepe, ni lazima diski za mashine hizo ziwe mahali ambapo kompyuta zote mbili zinaweza kuzifikia. Hapo ndipo inapohitajika seva ya hifadhi. Seva hiyo huleta uwezo mpya na hatari mpya kwa pamoja, kwani kompyuta moja inayobeba ikiharibika, mashine zake pepe huwashwa kwenye nyingine. Lakini seva ya hifadhi ikianguka, mashine zote huanguka nayo.

Chanika inayozungumziwa hapa ni kata ya Mji wa Handeni, na jina hilo hutumika pia kwa mji wenyewe. Isichanganywe na Chanika ya Dar es Salaam. Mji umeunganishwa na Korogwe kwa barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 65. Ndani ya wilaya ya Korogwe kuna kituo cha kufua umeme cha Hale, kwenye Mto Pangani, chenye uwezo wa megawati 21, kilichoanza kazi mwaka 1964. Ukaribu huo haumhakikishii mkazi wa Chanika umeme usiokatika, kwa sababu umeme wa Hale huingia katika Gridi ya Taifa na hugawanywa kama umeme mwingine wowote. Mgao wa umeme ulioikumba nchi mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa mwaka 2024 ulidhihirisha jambo hilo.

Ili mjadala uwe na mashiko, makala yanamchukua kama kielelezo mwanafunzi wa uzamili anayeishi Chanika. Ana kompyuta mbili ndogo za kubebea mashine pepe 12, na anahifadhi pia saa 200 za masimulizi ya wazee wa Kizigula yaliyorekodiwa kwa ajili ya tasinifu.

2.0 Thamani ya Data

Data ya maabara hii inagawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni data inayoweza kupakuliwa upya: faili za kusakinishia mifumo endeshi na vifurushi vya programu. Ikipotea, hasara ni gharama ya bando na muda wa kusubiri. Kundi la pili ni data inayoweza kutengenezwa upya kwa jasho: mashine pepe zenyewe pamoja na mipangilio yake. Ikipotea, hasara ni siku au wiki za kazi. Kundi la tatu ni data isiyo na mbadala, yaani rekodi za sauti na maandishi ya tasinifu. Mzee aliyesimulia akiwa amekwishafariki, hakuna kazi wala fedha itakayoirudisha sauti yake.

Mgawanyo huu ndio unaoamua mgawanyo wa fedha. Sauti iliyorekodiwa bila kubanwa, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 na njia mbili, huchukua takribani gigabaiti 1.04 kwa saa. Kwa hiyo saa 200 ni takribani gigabaiti 207. Kundi lenye thamani kubwa kuliko yote ndilo dogo kuliko yanavyodhaniwa. Mashine pepe 12, kila moja ikiwa na gigabaiti 40, zinahitaji gigabaiti 480. Faili za usakinishaji zinaweza kutengewa gigabaiti 100. Jumla haifiki terabaiti moja. Upangaji ulioanza na swali la thamani umeonesha kwamba diski nyingi kubwa si hitaji la maabara hii.

Kundi la tatu lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde dhidi ya upotevu na dhidi ya kufikiwa na wasiohusika. Rekodi zinazotaja majina, koo na makazi ya wasimulizi zinaangukia humo. Kwa sababu hiyo, kuzihifadhi kwa njia ya kusimba, ili zisisomeke bila ufunguo, ni sehemu ya mpango wa awali.

3.0 Umeme

3.1 Gharama ya kuendesha

Seva ya hifadhi huwaka kwa saa nyingi, hivyo wati chache huwa uniti nyingi mwishoni mwa mwezi. Kwa mujibu wa bei zilizoidhinishwa na EWURA na kuanza kutumika Aprili 2016, mteja wa daraja D1 alitozwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Mteja wa daraja T1 alitozwa shilingi 292 kwa kila uniti. Jedwali la 1 linachukua kaya ya D1 inayotumia uniti 40 kwa mwezi bila seva, na kuonesha matokeo ya kuongeza seva inayowaka saa 24 kwa siku 30.

Jedwali la 1: Athari ya seva katika matumizi ya kaya ya D1

| Nguvu ya seva | Uniti za seva | Jumla ya kaya | Gharama (shilingi) |
|---|---|---|---|
| Hakuna seva | 0 | 40 | 4,000 |
| Wati 40 | 28.8 | 68.8 | 6,880 |
| Wati 60 | 43.2 | 83.2 | 10,370 |
| Wati 150 | 108 | 148 | 33,050 |

Jedwali linaonesha kwamba gharama haipandi kwa ulinganifu na wati. Seva ya wati 60 inazidi ile ya wati 40 kwa nusu tu, lakini inaivusha kaya mpaka wa uniti 75. Seva kubwa ya kazi iliyokwishatumika, inayouzwa kwa bei nafuu na kula wati 150, inaifikisha gharama ya umeme kwenye zaidi ya mara nane ya ilivyokuwa. Kaya inayozidi mpaka huo kila mwezi inaweza pia kuhamishiwa daraja T1, ambako hata uniti za taa na pasi hulipiwa bei ya juu. Bei nafuu dukani, basi, inaweza kuwa ghali nyumbani.

Kwa kielelezo hiki, lengo liwe seva isiyozidi wati 40. Kompyuta mbili zinazobeba mashine pepe, kila moja ikila wati 20, ziwashwe saa 5 tu kila jioni, jambo linaloongeza uniti 6 kwa mwezi. Swichi ya mtandao inakula wati 5. Seva na swichi zikizimwa kwa utaratibu saa 6 kila usiku, zitatumia uniti 21.6 na 2.7. Jumla ya kaya inakuwa uniti 70.3, na uniti 4.7 zinazobaki hutosha kufidia umeme unaopotea ndani ya UPS. Maabara ya kujifunzia haihudumii wateja usiku, na diski iliyozimwa kwa utaratibu haipati madhara. Saa za kuwaka, kwa hiyo, ni uamuzi wa usanifu kama ulivyo uchaguzi wa prosesa.

3.2 Kukatika kwa umeme

Umeme unapokatika ghafla, hatari kubwa ni data iliyokuwa njiani, ambayo mashine pepe inaamini imekwishaandikwa ilhali bado iko kwenye kumbukumbu ya muda ya seva. Mfumo wa faili wa ZFS, ulioanzia katika kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa kwa umma mwaka 2005, hauandiki juu ya data ya zamani. Huandika mahali papya kisha hubadilisha kielekezi. Kwa hiyo mfumo wenyewe hubaki salama umeme ukikatika. Lakini msimamizi akizima uandishi wa papo kwa papo ili kupata kasi, maandishi ya sekunde 5 za mwisho yanaweza kupotea, na hifadhidata iliyokuwa ndani ya mashine pepe ikaamka ikiwa imeharibika. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mpangilio huo haufai kwa kundi la pili na la tatu la data.

Kinga ya pili ni UPS. UPS ndogo huwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Ikichukuliwa kwamba nusu tu ya nguvu hiyo ndiyo itakayopatikana, na mzigo wote ukiwa wati 85, betri itadumu takribani dakika 30. Muda huo hautoshi kuendelea na kazi wakati wa mgao. Unatosha kuzima vifaa kwa mpangilio. Programu ya Network UPS Tools inaweza kuiarifu mitambo yote kupitia waya mmoja wa USB ulioungwa kwenye seva. Mpangilio sahihi ni kuzima mashine pepe kwanza, kisha kompyuta zinazozibeba, na mwisho seva ya hifadhi. Umeme ukirejea, mpangilio unageuka: seva ya hifadhi huwaka kwanza. Kompyuta ikiwaka kabla ya hifadhi yake, mashine zake pepe zitashindwa kuanza. Swichi nayo iunganishwe kwenye UPS, maana ikizimika, amri ya kuzima haitazifikia kompyuta nyingine.

Kabla ya yote hayo, soketi iwe na waya wa ardhi ulio hai, na vifaa visirudishiwe umeme dakika ileile unaporejea, kwa kuwa ndipo volti huyumba zaidi.

4.0 Diski

4.1 Kasi inayohitajika

Mashine pepe nyingi zikifanya kazi kwa pamoja husoma na kuandika vipande vidogo vilivyotawanyika. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji wastani wa milisekunde 4.2 kusubiri sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa cha kusomea. Ikiongezwa na milisekunde 8.5 za kukisogeza kichwa hicho, kila ombi linachukua takribani milisekunde 12.7. Diski hiyo, kwa hiyo, inajibu maombi yapatayo 79 kwa sekunde. Kila ombi likiwa la kilobaiti 4, kasi halisi ni takribani megabaiti 0.3 kwa sekunde. Mtandao wa gigabiti 1 unapitisha takribani megabaiti 115 kwa sekunde.

Ulinganisho huu unasahihisha kosa la kawaida la kununua kadi za mtandao za gigabiti 10 ili kuondoa uzito wa mashine pepe zilizohifadhiwa kwenye diski za kuzunguka. Kikwazo hakikuwa mtandao. Fedha hizo zingenunua diski za SSD, ambazo hujibu maelfu ya maombi kwa sekunde na kula umeme mdogo zaidi. Mtandao wa gigabiti 1 kwa kebo unatosha kwa maabara hii.

4.2 Mpangilio

Wazo la kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa nyingine zishike nafasi lilipewa jina la RAID na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988. Kwa maabara ndogo kuna njia mbili: diski pacha, ambapo kila data huandikwa kwenye diski mbili, na mpangilio wa pariti, ambapo diski tatu au zaidi hushirikiana na nafasi ya diski moja hutumika kwa hesabu za kurejeshea. Pariti huokoa nafasi, lakini katika ZFS kundi zima la pariti hujibu maombi madogo kwa kasi inayokaribia ya diski moja.

Kwa kielelezo hiki, mpangilio unaofaa ni jozi mbili za diski pacha. Jozi ya kwanza ni SSD mbili za terabaiti 1 kwa ajili ya mashine pepe. Jozi ya pili ni diski mbili za kuzunguka za terabaiti 4 kwa ajili ya rekodi, faili za usakinishaji na nakala za mashine pepe. Kila jozi isijazwe zaidi ya asilimia 80, hivyo nafasi ya kutumia ni terabaiti 0.8 na terabaiti 3.2.

Diski pacha zina faida nyingine inapotokea hitilafu. Kunakili terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua saa 7.4, muda ambao umeme unaweza kukatika. ZFS hunakili sehemu zenye data tu, na ikikatizwa huendelea pale ilipoishia. Mnunuzi aepuke diski zenye mfumo wa SMR, unaopandanisha mistari ya data, kwani huwa nzito mno wakati wa kunakili upya. Mwaka 2020 ilibainika kuwa baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya seva za hifadhi zilitumia mfumo huo bila mnunuzi kuelezwa. Hivyo namba kamili ya modeli ikaguliwe kabla ya kulipa.

ZFS huambatanisha kila kipande cha data na namba ya uhakiki. Ukaguzi wa diski zote mara moja kwa mwezi hugundua vipande vilivyoharibika kimyakimya na kuvirekebisha kutoka kwenye diski pacha. Kumbukumbu ya gigabaiti 16 inatosha, na ikipatikana yenye uwezo wa kusahihisha makosa, yaani ECC, ndiyo bora. Kisanduku kiwekwe mbali na sakafu, na vichujio vya vumbi visafishwe kila mara wakati wa kiangazi.

5.0 Nakala Rudufu

Diski pacha si nakala rudufu. Faili ikifutwa kwa bahati mbaya, inafutwa kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Radi au mwizi naye hachagui diski moja. Kanuni inayokubalika na wengi ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba.

Kutunza kila kitu katika seva za kukodi kwenye intaneti kunaonekana kuwa njia rahisi. Kwa muunganisho unaopakia megabiti 5 kwa sekunde, terabaiti 2 zingechukua siku 37 mfululizo. Isitoshe, tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM iliathiri vibaya intaneti ya Tanzania na nchi jirani. Aliyekuwa na data yake nje ya nchi pekee alizuiwa kuifikia.

Njia inayofaa Chanika ni kuchanganya barabara na mtandao. Nakala ya kwanza iandikwe kwenye diski ya nje iliyosimbwa, kisha isafirishwe kwa gari hadi kwa ndugu au mwenzi wa utafiti aliyeko Korogwe. Kilomita 65 hizo ni safari ya asubuhi moja. Baada ya hapo, ZFS inaweza kutuma mabadiliko ya kila siku pekee kwenye kompyuta ndogo iliyounganishwa na diski hiyo. Mabadiliko ya gigabaiti 2 kwa muunganisho uleule huchukua takribani dakika 53. Bando lisipotosha, data ya kundi la tatu ndiyo itumwe kwanza. Ufunguo wa kusimbua uhifadhiwe mahali pengine, ukiwa umeandikwa pia kwenye karatasi, kwani nakala iliyosimbwa bila ufunguo ni sawa na iliyopotea.

Kila baada ya miezi mitatu, rekodi moja na mashine pepe moja zirejeshwe kutoka kwenye nakala ya Korogwe na kufunguliwa. Jaribio hilo ndilo pekee linalothibitisha kwamba mpango mzima unafanya kazi.

6.0 Hitimisho

Mjadala umeonesha kwamba seva inayofaa maabara ya Chanika ni ndogo kuliko ile ambayo mnunuzi angeichagua kwa kuangalia ukubwa wa diski peke yake: wati 40, jozi mbili za diski pacha, mtandao wa gigabiti 1, UPS ndogo na diski moja iliyoko Korogwe. Kila kipengele kimetokana na swali lililotangulia. Thamani ya data iliamua nafasi na nakala. Bei ya uniti iliamua wati na saa za kuwaka. Kukatika kwa umeme kuliamua namna ya kuandika na kuzima. Na kasi ya diski iliamua mtandao.

Inapendekezwa kwamba fedha zikiwa pungufu, ununuzi ufuate mpangilio huu: diski ya nje ya nakala, UPS, diski za kuzunguka, na mwisho SSD. Anayeanza na diski ya nje anaweza kukosa kasi kwa miezi kadhaa, lakini rekodi za wazee zitakuwa salama tangu siku ya kwanza. Inapendekezwa pia kwamba vyuo vinavyotaka rekodi za utafiti zitunzwe viingize gharama ya nakala ya nje katika bajeti ya utafiti wa mwanafunzi, kama zinavyoingizwa gharama za nauli na posho za wasaidizi wa uwandani.